Picha za Chini ya Bahari na Udongo wa Uluguru

Mzamiaji aliyeshuka mita 20 chini ya uso wa bahari, akajichubua kidole kwenye mwamba, huona jambo la kushangaza: damu inayomtoka si nyekundu. Huonekana nyeusi, yenye kukaribia kijani. Akipanda polepole kuelekea juu, damu ile ile hurudia wekundu wake kadiri anavyoukaribia uso wa maji. Damu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nuru inayoimulika, maana kitu hakiwezi kuonekana chekundu mahali ambapo nuru nyekundu haifiki.

Hapo ndipo inapoanzia taabu, na pia utamu, wa kazi ya kupiga picha za viumbe wa miamba ya matumbawe. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na kwa nini wanasayansi wameifanya kuwa chombo chao cha upimaji. Yanaeleza pia kwa nini mwanafunzi aliye chini ya Milima ya Uluguru, kilometa zipatazo 190 kutoka Dar es Salaam, anahusika na picha hizo kuliko anavyodhani.

Maji hula rangi

Watu wengi hudhani kwamba maji safi hayana rangi. Katika gilasi ni kweli, lakini baharini si kweli. Maji hufyonza nuru, na hayaifyonzi yote kwa usawa. Tuchukue nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanometa 650. Katika maji safi kabisa, kila mita moja hupitisha kadiri ya asilimia 71 tu ya nuru hiyo. Mwanafunzi wa hesabu ataona mara moja kwamba hii ni jiometri ya kuzidisha: baada ya mita 5 hubaki kama asilimia 18, baada ya mita 10 hubaki asilimia 3, na baada ya mita 20 hubaki sehemu moja tu katika 1,000. Nuru ya buluu yenye urefu wa wimbi wa nanometa 450 ikipita katika maji hayo hayo, hufika mita 20 ikiwa bado na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake. Ndiyo maana bahari yenye kina ni ya buluu, na ndiyo maana picha iliyopigwa huko bila taa huwa ya buluu tupu, kana kwamba samaki wote wamechovywa katika wino.

Kitatange mwenye manjano ya kung'aa, pono mwenye mchanganyiko wa rangi kama kanga mpya, chewa mwekundu aliyejibanza pangoni: wote hawa hupoteza sehemu ya rangi zao machoni petu kadiri tunavyoshuka. Kwa chewa jambo hilo ni faida kubwa. Wekundu ambao sisi tunauona akiwa ameanikwa sokoni Feri, kule chini ni sawa na weusi, na weusi ni maficho mazuri kwa mwindaji.

Mpigapicha hana budi kubeba nuru yake mwenyewe. Taa ya flashi ina rangi zote za nuru nyeupe. Lakini hata nuru hii hufyonzwa njiani. Ikiwa samaki yuko umbali wa mita 2, nuru husafiri mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, jumla mita 4, na wekundu uliobaki ni kama robo tu. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya wazamiaji wanaopiga picha ni kumsogelea mnyama, na baada ya kumsogelea kumsogelea tena. Katika nchi kavu mpigapicha wa simba hutafuta lenzi ndefu ili akae mbali. Chini ya maji lenzi ndefu haina kazi, kwa kuwa kinachoharibu picha ni maji yaliyo katikati.

Kuna kikwazo cha pili. Maji ya bahari hayako matupu, yana chembe za udongo, mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mabaki ya viumbe. Taa iliyofungwa juu ya kamera humulika chembe hizo, nazo hurudisha nuru moja kwa moja kwenye lenzi. Matokeo yake ni picha iliyojaa madoa meupe, kama kwamba samaki anaogelea katikati ya mvua ya mawe. Dawa yake ni kuiweka taa mbali na kamera, kwenye mkono mrefu wa chuma, imulike kutoka ubavuni. Dereva yeyote aliyewahi kupita Kitonga wakati wa ukungu anaijua kanuni hii, ingawa hajaisoma: taa kali za juu humwonyesha ukungu badala ya barabara.

Kikwazo cha tatu ni kupinda kwa nuru. Nuru itokayo majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya kasha la kamera, ikipita kwenye kioo bapa, hupinda. Kipeo cha kupinda cha maji ni 1.33, na kwa hiyo samaki aliye mita 2 mbali huonekana kama yuko mita 1.5, naye huonekana mkubwa zaidi kwa theluthi moja. Wavuvi husifiwa kwa kukuza samaki wao katika masimulizi, lakini mzamiaji ana udhuru wa kisayansi. Mafundi wamelitatua jambo hili kwa kutumia kioo cha umbo la kuba mbele ya lenzi, ambacho nuru hukipenya bila kupinda sana.

Kamera za mwanzo

Jaribio la mwanzo linalojulikana lilifanyika Uingereza mwaka 1856, pale William Thompson alipoteremsha kamera ndani ya sanduku katika ghuba ya Weymouth. Sanduku liliingiza maji, lakini picha hafifu ilipatikana. Aliyeifanya kazi hii kuwa elimu ni Louis Boutan, mwalimu wa elimuviumbe wa Ufaransa, ambaye mwaka 1893 alianza kushuka mwenyewe baharini huko Banyuls-sur-Mer akiwa amevaa mavazi mazito ya wazamiaji wa zamani. Ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi, ndiye aliyemtengenezea kasha la kamera. Picha moja iliweza kuchukua nusu saa, muda ambao samaki hawezi kumstahimili mpigapicha hata akiwa na subira ya namna gani.

Picha za rangi zilipatikana mwaka 1926. William Longley na Charles Martin, wakifanya kazi katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida, walilipua unga wa magnesi juu ya chombo kilichoelea ili mwako wake umulike miamba chini. Picha zao zilichapishwa Januari 1927. Kisha mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi anaoubeba mgongoni, na tangu hapo mwanadamu akaweza kuogelea kati ya samaki bila mpira wa kumfunga na meli. Yaliyofuata, yaani kamera ndogo zisizoingia maji na baadaye kamera za tarakimu, ni maendeleo makubwa, lakini msingi wa fizikia haukubadilika. Kila mita 10 za kina bado huongeza kanieneo ya angahewa moja, na nuru nyekundu bado inakufa njiani.

Picha kama kipimo

Sasa tufikie jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa. Picha ya bahari tunayoiona kwenye kalenda ni pambo. Picha ya mwanasayansi ni hati. Picha hizi mbili hupigwa kwa kamera moja, lakini hazifanani hata kidogo katika nia.

Mwanasayansi anayetaka kujua hali ya mwamba huchukua fremu ya mraba, pengine ya mita 1 kwa mita 1, akailaza juu ya mwamba na kuipiga picha kutoka juu, kwa umbali ule ule kila mara. Husogea hatua kadhaa kwa kufuata kamba iliyotandikwa, akapiga tena. Akirudi pwani huweka nukta za kubahatisha juu ya kila picha na kuhesabu nukta zilizoangukia matumbawe hai, mwani, mchanga, au mwamba mfu. Kwa mfano wa darasani: picha 25 zenye nukta 20 kila moja zinatoa nukta 500. Kama nukta 140 zimeangukia matumbawe hai, basi matumbawe hai yamefunika asilimia 28 ya eneo hilo. Akirudi mahali pale pale baada ya mwaka mmoja na kupata asilimia 12, ana ushahidi ambao hakuna maneno ya mtu yanayoweza kuupinga kwa urahisi.

Umuhimu wa ushahidi wa namna hii ulionekana mwaka 1998. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka ule, wakati wa El Niño, maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipata joto kupita kawaida. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi kwa ushirika na mwani mdogo sana uliomo ndani ya mwili wake. Mwani huo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake, nao ndio unaompa rangi. Joto likizidi nyuzi 1 au 2 juu ya kiwango cha juu cha kawaida kwa majuma kadhaa, ushirika huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama chokaa. Huko ndiko kupauka kwa matumbawe. Tumbawe lililopauka bado liko hai, na joto likipungua mapema linaweza kupona. Lisipopona hufa, na mifupa yake hufunikwa na mwani wa kawaida. Miamba mingi ya Mafia na Pemba ilipata hasara kubwa mwaka ule, na inakadiriwa kwamba dunia nzima ilipoteza asilimia 16 ya matumbawe yake. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe, na ukanda wetu haukusalimika.

Tatizo ni kwamba kamera za leo hujirekebisha rangi zenyewe. Tumbawe lililofifia kwa ugonjwa linaweza kutoka katika picha likiwa na rangi ya kupendeza, na lenye afya likatoka kama limepauka. Kwa hiyo mtafiti huweka kadi ya rangi zinazojulikana ndani ya kila picha, ili jicho la anayesoma lipate kulinganisha. Picha ya mwamba isiyo na kadi, isiyo na fremu, na isiyo na tarehe inaweza kushinda zawadi katika mashindano, lakini mbele ya swali la kisayansi haina la kujibu.

Mfano mzuri zaidi wa picha kuwa kipimo unapatikana Mafia, kisiwa ambacho bahari yake ya kusini ndiyo iliyokuwa hifadhi ya kwanza ya bahari katika Tanzania, mwaka 1995. Upande wa magharibi, mkabala wa Kilindoni, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye pamoja na ukubwa wake hula vitu vidogo kabisa, na hapo Mafia hupenda uduvi. Wengi wa papa hao ni madume wachanga. Ngozi ya papa potwe ina madoa meupe, na mpangilio wa madoa hayo haufanani kati ya papa mmoja na mwingine, kama zilivyo alama za vidole vyetu. Mpigapicha humpiga ubavuni, nyuma ya matamvua yake. Lakini utalinganishaje picha mpya na mamia ya picha za zamani?

Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa, angani. Wanaastronomia walikuwa na njia ya kutambua picha mbili za nyota zile zile: kila nyota tatu huunganishwa kuwa pembetatu, na pembetatu za picha moja hulinganishwa na za picha nyingine kwa uwiano wa pande zake. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba pembetatu mbili zinazofanana huwa na uwiano ule ule wa pande hata kama moja ni kubwa kuliko nyingine, na kwa hiyo haidhuru kama picha moja imepigwa karibu na nyingine mbali. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walionyesha kwamba njia hiyo hiyo inawafaa papa potwe. Tangu hapo picha ya mtalii aliyeogelea kando ya papa kwa dakika 5 inaweza kuwa sehemu ya sensa.

Hata hivyo picha ina mipaka yake. Papa wa Mafia huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba miezi mingine huhama. Watafiti walipowafunga baadhi yao vifaa vidogo vinavyotoa mlio, na kutega vipokezi baharini, waligundua, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, kwamba papa wengi hawakuhama. Walikuwa wamesogea mbali kidogo na pwani, mahali ambapo jicho haliwafikii. Kutokuwamo katika picha si sawa na kutokuwapo.

Udongo unaotoka mlimani

Mpaka hapa tumesema juu ya maji kana kwamba usafi wake ni wa kudumu. Sivyo. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi huipiga Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, na kuangusha mvua kwenye miteremko yake. Maji hayo hukusanyika katika mito ya Mgeta, Ngerengere na Ruvu yenyewe. Ruvu huwanywesha watu wa Dar es Salaam, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo. Wakati wa masika mto huu ni mwekundu, na wekundu huo ni shamba la mtu.

Udongo ukifika baharini hufanya mambo mawili. Kwanza hupunguza nuru, na tumbawe lisilopata nuru ni sawa na mhindi uliopandwa chini ya kitanda. Pili, chembe nzito hutua juu ya tumbawe na kulilazimisha litumie nguvu zake kujisafisha kwa ute. Ndiyo maana mbele ya midomo ya mito mikubwa kama Rufiji, Ruvu na Pangani mstari wa miamba ya pwani yetu hukatika. Penye mikoko na nyasi za bahari sehemu ya udongo hunaswa kabla ya kufika mbali. Mikoko ikikatwa, hupita moja kwa moja. Mzamiaji anayelalamika kwamba picha zake zina madoa meupe analalamikia, kwa sehemu fulani, mvua iliyonyesha mlimani.

Ni makosa kumtwika mkulima wa mlimani lawama zote. Maji machafu ya miji, uchimbaji wa mchanga na uvuvi wa baruti, ambao kwa pigo moja hugeuza mwamba wa miaka mingi kuwa kokoto, vimefanya madhara yake bila msaada wa Uluguru. Historia nayo inatuonya. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi kazi hiyo ilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kufunua ule usiofaa. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliupinga kwa ghasia, na mpango ukaachwa. Lakini huko Mgeta wakulima wa mboga wanalima juu ya matuta ya ngazi mpaka leo, kwa kuwa pale udongo unayaruhusu na faida inaonekana jikoni. Anayetaka kuuhifadhi mwamba wa Bagamoyo kwa kumpa amri mtu wa Matombo ajifunze kwanza habari hiyo.

Majaribio kwa ajili ya darasa

Shule isiyo na kamera wala bahari inaweza kuyaona mengi ya haya. Weka sarafu katika bakuli lisilopenya nuru, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, kisha mwenzako amimine maji polepole bila kuitikisa: sarafu itajitokeza, kwa sababu nuru imepinda. Kwa madoa meupe, jaza maji katika chupa pana ya kioo, tia kijiko cha udongo wa mfinyanzi, koroga, na utumbukize penseli katikati. Mulika tochi ukiwa umeishika kando ya jicho lako, kisha mulika kutoka ubavuni mwa chupa. Wanafunzi waandike ni mara ipi penseli ilionekana vizuri. Mwalimu asijaribu kuonyesha kufifia kwa wekundu ndani ya ndoo, maana kina cha sentimeta 30 hakitoshi.

Jaribio la tatu ni la mwaka mzima. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padre na mwanaastronomia wa Italia, alipima uangavu wa bahari kwa kuteremsha kisahani cheupe na kuangalia kinapotelea kina gani. Kwa mito yetu yenye maji machache inafaa zaidi bomba la plastiki angavu lenye urefu wa mita 1, lililozibwa chini, na ndani yake kwenye kitako kisahani kilichopakwa robo nyeusi na robo nyeupe kwa zamu. Chota maji ya mto kwa ndoo yenye kamba ukiwa juu ya daraja au ukingo ulio imara, wala msiingie mtoni, kwa hatari ya kichocho na, huko chini Ruvu, mamba. Mimina ndani ya bomba kidogo kidogo huku mmoja akitazama kutoka juu, na mara kisahani kinapopotea soma urefu wa maji kwa sentimeta.

Shule ya Morogoro ikipima Mto Morogoro au Ngerengere kila juma, na shule ya Bagamoyo ikipima Ruvu siku hiyo hiyo, baada ya masika moja zitakuwa na michoro miwili ya kulazwa sambamba. Andikeni tarehe, saa, urefu wa maji katika bomba, na hali ya mvua ya siku 2 zilizotangulia, na kila mwisho wa mwezi mpelekeane nakala.